Bwawa Likivuja: Kutunza Maji ya Samaki Waliosongamana Kwenye Tangi la Muda

Mabwawa mengi ya samaki yanayoonekana vijijini yalichimbwa kuanzia mwaka wa 2009, wakati serikali ya kitaifa, kupitia mpango wa kufufua uchumi, ilipogharamia mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa. Kipimo kilikuwa mita 300 za mraba kwa bwawa, na kila bwawa lilipangiwa vifaranga 1,000. Miaka imepita. Kingo zimemomonyoka, kaa na fuko wametoboa kuta za udongo, na karatasi ngumu za plastiki zilizotandazwa chini zimechanika. Bwawa la namna hiyo halina budi kukaushwa ili litengenezwe, na samaki walio ndani lazima watafutiwe mahali pa kukaa.

Mahali penyewe huwa ni tangi la plastiki la lita 1,000 lililokuwa likikinga maji ya mvua, au hodhi la saruji nyuma ya zizi, au shimo la haraka lililotandikwa turubai. Fundi husema kazi ni ya siku tatu. Siku tatu huwa wiki mbili, kwa sababu mvua imenyesha au saruji imekwisha. Samaki walioishi bwawani miezi sita bila shida hufa usiku mmoja, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa au kuna mtu aliyewatilia sumu. Mara nyingi si ugonjwa wala jirani. Ni maji yenyewe, na mambo yanayoyaharibu yanaweza kuhesabiwa kwa kalamu kabla samaki wa kwanza hajatolewa bwawani.

Hesabu kabla ya wavu

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji hubeba kiasi kidogo sana. Maji ya joto la nyuzi 25 yaliyo kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa kila lita. Sehemu za juu, kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji ya joto hilo hilo hubeba karibu miligramu 7 tu. Kwa hivyo tangi la lita 1,000 katika sehemu hizo, likiwa limejaa na maji yakiwa mazuri kabisa, lina miligramu 7,000 hivi.

Tilapia aliyetulia hutumia kati ya miligramu 100 na 200 za oksijeni kwa saa kwa kila kilo ya uzito wake. Aliyekimbizwa na wavu hutumia zaidi, na aliyetoka kula vilevile. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, tilapia huanza kuteseka, ingawa anaweza kuvumilia chini ya hapo kwa muda mfupi. Maana yake ni kwamba katika zile miligramu 7,000, zinazoweza kutumika kwa usalama ni 4,000.

Sasa chukua mfano wa bwawa lenye tilapia 1,000 waliofika gramu 100 kila mmoja. Hao ni kilo 100. Wakiingizwa wote kwenye tangi la lita 1,000, watatumia miligramu 15,000 kwa saa, na hewa yao itakwisha kwa muda wa robo saa hivi. Ndiyo sababu wengine huona samaki wakielea kabla hata ya ndoo ya mwisho kumwagwa. Wakiwekwa 100 pekee, yaani kilo 10, wana karibu saa mbili na nusu au tatu. Uso wa maji huingiza hewa kidogo kutoka nje, kwa hivyo muda huo unaweza kurefuka, lakini si kwa kiasi cha mtu kwenda kulala.

Hesabu hii ina maana moja ambayo mfugaji hapendi kuisikia: samaki wote hawawezi kuokolewa kwenye tangi. Waliofika uzito wa kuuzwa, gramu 250 na kuendelea, wauzwe siku ile ile bwawa linapokaushwa, na mnunuzi atafutwe wiki moja kabla. Tangi liwekewe samaki wa uzazi na idadi ndogo ya wale wanaoendelea kukua. Na kama kuna jirani mwenye bwawa zima, hilo ni bora kuliko tangi lolote. Kizimba cha neti kilichofungwa kwenye miti minne ndani ya bwawa la jirani huwatenga samaki wa mgeni na wa mwenyeji, huku maji yakiwa ni ya bwawa zima. Makubaliano yafanywe mapema, na idadi ihesabiwe mbele ya wote wawili.

Hewa usiku na mchana

Kwa samaki watakaobaki tangini, jambo la kwanza ni hewa. Pampu ndogo ya hewa yenye mpira mwembamba na jiwe la kutoa mapovu, kama zinazouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, huweza kutosheleza kilo chache. Kwa kilo 10 au zaidi inahitajika pampu kubwa kidogo, au pampu ya maji inayovuta maji ya tangi na kuyarusha juu yaanguke kama mvua. Kinachoingiza hewa ni uso wa maji kuvunjwavunjwa. Maji yanayopita kwenye mkebe uliotobolewa matundu mengi, yakianguka kutoka kimo cha mkono, hubeba hewa nyingi kuliko mpira unaomwaga maji chini kimyakimya.

Stima hupotea. Mfugaji anayetegemea pampu ya stima awe na betri ya akiba, au awe na mtu na jagi. Kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu kwa dakika kumi, kila baada ya nusu saa, ni kazi ya kuchosha, lakini imeokoa samaki wengi wa watu wasiokuwa na pampu yoyote. Zamu za usiku zipangwe mapema katika nyumba, maana saa za hatari zaidi ni kuanzia saa tisa usiku hadi kupambazuke, hasa ikiwa maji yamegeuka kijani. Mimea midogo inayoyapa maji rangi hiyo hutoa oksijeni mchana lakini usiku nayo huivuta.

Umbo la chombo lina uzito wake. Tangi refu lenye mdomo mwembamba ni baya. Hodhi pana lenye kina cha kiunoni ni zuri zaidi hata kama lita ni zile zile. Kivuli nacho ni lazima. Tangi jeusi likiachwa juani hupata joto haraka, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo huku samaki akizidi kuihitaji. Turubai, makuti au majani ya migomba juu ya fito yatatosha, mradi hewa ipite.

Dalili ya upungufu wa hewa ni samaki kukusanyika juu, midomo wazi, wakihema, au kusongamana pale maji yanapoingilia. Kwa kambare, ambaye sehemu za magharibi huitwa mumi, dalili hii hudanganya. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya kawaida, na kupanda juu kumeza hewa ni desturi yake. Vifaranga wake wachanga bado hawajaota kiungo hicho, nao hufa kama samaki wengine. Kambare mkubwa asichanganywe na tilapia wadogo hata kwa usiku mmoja, kwa sababu atawala. Tangi lake nalo lifunikwe kwa neti, la sivyo atatoka na kutambaa uani.

Sumu isiyoonekana

Mfugaji aliyeshinda vita vya hewa hukutana na adui wa pili siku ya pili au ya tatu. Maji bado ni meupe, pampu inafanya kazi, lakini samaki wamekataa chakula na wanayumba. Huyu ni amonia.

Samaki hatoi uchafu wote kwa njia ya kinyesi. Protini iliyo ndani ya chakula chake ikivunjwa mwilini hutoa amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua, yaani mashavu anayopumulia, ikaingia majini moja kwa moja. Haionekani, na ikiwa kidogo hata hainuki. Kiasi chake kinategemea chakula kuliko jambo lingine lolote. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 hutoa takriban gramu 28 za amonia.

Turudi kwa wale tilapia 100. Bwawani walikuwa wakipewa chakula kiasi cha asilimia 3 ya uzito wao, yaani gramu 300 kwa siku. Chakula hicho kikitiwa ndani ya tangi la lita 1,000, amonia itaongezeka kwa miligramu 8 hivi kwa kila lita, kila siku.

Kama miligramu 8 zinaua au haziui, inategemea kipimo cha asidi na alkali ya maji, kinachoitwa pH. Maji ya kadiri, yasiyo ya asidi wala ya alkali, ni 7. Amonia iliyo majini ina hali mbili. Moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu. Katika joto la nyuzi 25, kwenye pH 7, sehemu iliyo sumu haifiki hata 1 katika 100. Kwenye pH 8 ni kama 5 katika 100. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hivyo zile miligramu 8 zina sumu ya miligramu 0.05 katika maji ya kadiri, 0.4 katika maji ya pH 8, na karibu 3 katika maji ya pH 9. Tilapia hupunguza kula sumu hiyo ikifika miligramu 0.08 kwa lita. Akikaa kwa muda mrefu katika miligramu 0.2, baadhi huanza kufa. Akiingizwa ghafla kwenye maji yenye zaidi ya miligramu 2, wengi hufa katika siku chache.

Hapo ndipo hodhi jipya la saruji linapoumbua watu. Saruji ambayo haijazoea maji hutoa chokaa, na chokaa hupandisha pH hadi 9 na kupita. Mfugaji aliyejitahidi akajenga hodhi zuri, akalipiga plasta Jumatatu na kutia samaki Ijumaa, huwa amewaweka kwenye maji ambamo amonia yao wenyewe inageuka sumu papo hapo. Hodhi jipya lijazwe maji, likae siku kadhaa, limwagwe, lijazwe tena, na kusuguliwa kila mara, hadi pH ishuke na kukaa chini ya 8.5. Kama hakuna muda huo, litandikwe turubai safi ndani ili maji yasiguse saruji.

Kwa nini bwawa halikuwa na shida hii? Kwa sababu lilikuwa na wafanyakazi wasiolipwa. Mimea midogo ya majini hula amonia, na kwenye matope na mawe kuna bakteria wa aina mbili: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, wa pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Tangi lililosuguliwa juzi halina bakteria hao wa kutosha, na huchukua mwezi mmoja au zaidi kuzaana vya kutosha. Wanaweza kuazimwa. Mawe machache au vipande vya neti vilivyokaa ndani ya bwawa lile lile, vikihamishwa vikiwa vimelowa na kuwekwa mahali maji yanapopita kwa nguvu, huanza kazi mapema. Visioshwe kwa maji ya mfereji, kwa kuwa klorini itawaua bakteria kabla hawajafika.

Kwa sababu bakteria wa aina ya kwanza hutangulia, tangi linalokaa zaidi ya wiki moja hupitia kipindi cha nitraiti nyingi. Dalili yake ni samaki kuhema ilhali hewa ipo, na matamvua yake yakifunuliwa huwa ya hudhurungi badala ya nyekundu, kwa kuwa damu yake haiwezi tena kubeba oksijeni vizuri. Chumvi ya kupikia husaidia hapa. Kilo 1 ndani ya lita 1,000 huzuia nitraiti kuingia kwenye damu, na tilapia na kambare wote huivumilia. Iyeyushwe kwanza ndani ya ndoo, kisha imwagwe polepole pembezoni. Maji yakibadilishwa lita 300, chumvi iongezwe gramu 300, isiongezwe kilo nzima tena.

Kutolisha ni kulisha

Ushauri ulio rahisi kuliko wote ndio unaokataliwa zaidi. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya kuhamishwa, na wasilishwe siku mbili za kwanza tangini. Mwenye samaki akiwaona wamelegea, mkono huenda wenyewe kwenye gunia la chakula, kama ambavyo mgeni hawezi kuachwa bila chai. Lakini samaki si ng'ombe. Damu yake ni ya baridi, hahitaji kula ili kujipasha joto, na tilapia wa gramu 100 anaweza kukaa wiki nzima bila chakula akapungua uzito kidogo tu. Vifaranga wadogo hawana akiba hiyo, na wao wapewe kidogo mapema.

Matengenezo yakirefuka, chakula kirudishwe kwa theluthi moja ya kawaida. Kwa tilapia 100 wa mfano wetu ni gramu 100 kwa siku, zikigawanywa asubuhi na alasiri, kamwe si jioni, maana samaki aliyeshiba huhitaji hewa zaidi na usiku ndio wakati hewa huadimika. Kilichobaki baada ya dakika 15 kiondolewe kwa kichujio cha chai au kitambaa. Chakula kinachooza chini hutoa amonia ile ile bila kumnenepesha yeyote.

Maji mapya, kwa pole

Bila bakteria wa kutosha, amonia hutoka kwa njia moja ya uhakika: kumwaga maji na kutia mengine. Watu hubadilisha kwa kukisia, na hesabu huwasuta. Samaki wakila gramu 300 kwa siku, na nusu ya maji ikabadilishwa kila siku bila kukosa, amonia haitarudi sifuri. Itapanda hadi ikae karibu miligramu 16 kwa lita kabla ya kila badiliko, kwa sababu nusu ya ya jana hubaki na ya leo huongezwa juu yake. Chakula kikipunguzwa hadi gramu 100, kwa kazi ile ile ya kubeba maji, hukaa kati ya miligramu 5 na 6. Mitungi ishirini na mitano ya lita 20 kila siku ni kazi ya mgongo. Kupunguza chakula si kazi yoyote.

Maji yatolewe chini, pale kinyesi kinapotuama, kwa mpira uliojazwa maji na kuzibwa kidole hadi ncha moja ifike chini ya usawa wa tangi. Kuuvuta kwa mdomo si lazima na si vizuri. Maji hayo ni mbolea. Sukuma wiki, ndizi na nyanya huyapenda, isipokuwa siku ambazo chumvi imetiwa. Yasielekezwe mtoni, na samaki wa tangi wasimwagwe mtoni pia, hata wale walioonekana dhaifu. Tilapia wa kufugwa wakiingia kwenye mito yenye tilapia wa asili huzaana nao, na jamii ya asili hupotea hivyo.

Maji ya kujazia yana tabia zake. Ya mfereji hutiwa klorini, na kiasi kisichomdhuru mtoto wa binadamu huunguza matamvua ya samaki. Yawekwe kwenye mapipa yaliyo wazi kwa saa 24, yakikorogwa mara kwa mara, klorini ya kawaida itoke. Panapotumika dawa inayochanganya klorini na amonia, kusubiri hakutoshi. Hapo hutumika sodiamu thayosalfeti, ambayo gramu 7 zake hutosha kwa lita 1,000 zenye klorini miligramu 1 kwa lita, ingawa amonia iliyokuwa kwenye dawa hiyo hubaki majini. Afisa wa uvuvi aulizwe kabla ya kuinunua. Mapipa yaliyowahi kubeba dawa za mimea au mafuta hayafai hata yakioshwa mara kumi.

Maji ya kisima kirefu hutoka ardhini yakiwa na hewa kidogo, kwa hivyo yarushwe juu au yapitishwe kwenye mkebe wa matundu kwanza. Katika Bonde la Ufa maji mengi ya visima ni ya alkali, na yakiongezwa kwenye tangi lenye amonia huleta balaa iliyoelezwa hapo juu. Maji ya mvua hayana madini ya kutosha, na pH yake huyumba upesi. Ni mazuri yakichanganywa na mengine. Yanayotoka kwenye mabati mapya yaachwe, kwa kuwa zinki ni sumu kwa samaki. Maji ya mto baada ya mvua ya kwanza hubeba dawa kutoka mashambani, na hayo ni afadhali yasiguswe kwa siku kadhaa.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa na watu wenye bidii. Tangi lililosongamana kwa siku kadhaa bila kubadilishwa huwa na pH ya chini, kwa sababu pumzi ya samaki hutia asidi majini. Amonia ni nyingi, lakini asidi hiyo imeifunga isiwe sumu. Mfugaji anaona maji machafu, anashtuka, anamwaga nusu na kutia maji ya kisima ya alkali kwa mkupuo. pH inaruka, na ile amonia iliyobaki inageuka sumu mbele ya macho yake. Samaki hufa wakiwa kwenye maji masafi kuliko ya jana, na lawama huangukia kisima. Jambo lile lile huwapata vifaranga waliosafirishwa saa nyingi ndani ya mfuko uliofungwa. Maji yaliyoharibika sana yabadilishwe kidogo kidogo, kama moja ya kumi kila baada ya saa moja au mbili, na pH ya maji yote mawili ipimwe kabla. Joto nalo lisitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3.

Kupima

Karatasi za kupimia pH na vifaa vidogo vya kupimia amonia hupatikana katika maduka ya samaki wa mapambo mijini, na maafisa wa uvuvi katika kaunti ndogo wanaweza kumwelekeza mfugaji jinsi ya kuvipata na kuvitumia. Uvuvi ni mojawapo ya kazi ambazo Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti, na ushauri wa afisa huyo ni haki ya mkaazi. Jambo la kuangalia ni kwamba vifaa vingi vya amonia husoma jumla, hali zote mbili pamoja, kwa hivyo namba yake haina maana bila kusoma pH na joto la wakati huo huo.

Asiye na kifaa awe na daftari. Saa, idadi ya waliokufa, kiasi cha chakula, lita zilizobadilishwa, hali ya samaki alfajiri na hali yao jioni. Samaki wanaohema alfajiri na kutulia jua likipanda wana shida ya hewa. Wanaozidi kuwa wabaya alasiri, hasa kwenye maji ya kijani, wana shida ya amonia, kwa sababu mimea hiyo hupandisha pH mchana. Povu lisilopasuka juu ya maji ni dalili kwamba protini imezidi. Samaki mmoja aliyekufa na kuachwa chini usiku kucha huwadhuru walio hai kuliko ilivyofikiriwa, kwa hivyo tangi likaguliwe kila asubuhi hadi chini kabisa.

Bwawa likiwa tayari na maji yamejaa, samaki warudishwe mapema asubuhi au jioni, si saa sita mchana. Waingizwe kwenye ndoo zenye maji ya tangi, kisha maji ya bwawa yaongezwe ndani ya ndoo kidogo kidogo kwa nusu saa, na ndoo ilazwe ili watoke wenyewe. Wahesabiwe wanapotoka. Kesho yake wapewe nusu ya chakula cha kawaida, na wakikila chote, kesho kutwa wapewe kamili.